UZI: Kiarabu cha kupandia daladala. Maneno unayoyajua tayari, na yale yatakayokuacha stendi

MtotoWaChumbageni

Wakuu, salaam aleikum.

Mwaka wa tatu huu niko Cairo, nasoma Azhar. Wanafunzi wapya wakifika kutoka nyumbani mimi ndiye natumwa kuwapokea, na wiki haiishi kabla sijaulizwa: "Kaka, madrasa nimekaa miaka kumi, nahau nimemaliza, mbona konda simwelewi hata neno?"

Nawaelewa, maana yalinikuta. Wiki yangu ya kwanza nilipanda maikrobasi, ndiyo daladala ya huku, kutoka Ramsis kwenda Hay es-Sabi'. Kituo kikakaribia. Nikakohoa, nikapanga sentensi kichwani na irabu zake zote, nikaitoa: "Uridu an anzila huna, ya sayyidi s-sa'iq." Gari zima kimya. Mzee mmoja nyuma akaitikia "Allaaah!" kama mtu aliyesikia kisomo kizuri, basi watu wakaangua kicheko. Dereva alicheka mpaka akapitiliza kituo changu.

Sikukosea hata herufi moja. Ila ni kama mtu asimame kwenye daladala ya Mbagala aseme, "Ewe mwendesha chombo, nina azma ya kuteremka mahali hapa."

Wenyewe wanasema: *Ala gamb ya usta.* Pembeni hapo, suka. Basi. *Usta* asili yake ni fundi, mtu mwenye kazi yake mikononi, na ndivyo dereva anavyoitwa kwa heshima. Ukimwita kwa neno la kitabuni, *sa'iq*, unamshushia hadhi na unajitangaza mgeni kwa pamoja.

Nimefungua uzi tukusanye haya maneno, kila mtu na mji wake. Naanza na Misri. Funguo mbili kwanza, bila hizo hutafungua mlango:

Q ya Qur'ani Mmisri anaimeza. Panabaki mkato tu kooni. *Baqi* inakuwa *ba'i*, *qahwa* inakuwa *ahwa*. Na J anaitamka G, kwa hiyo *jami'*, msikiti mkubwa, ni *gami'*.

Ukishashika hayo, sikiliza konda anavyodai: *el-ugra*. Rudisha G iwe J: ujra. Ndiyo ujira wetu! Sisi ujira tunampa kibarua, wao wanampa dereva. *El-ugra kam?* nauli ni kiasi gani? Na chenji yako unaidai kwa neno ulilozaliwa nalo: *el-ba'i ya usta*. Baki. Nusu ni *nuss*, robo ni *rub'*. Ishirini, thelathini, hamsini, mia, zote unazo mfukoni tangu darasa la kwanza.

Maikrobasi nyingi hazina konda. Hela unampa aliye mbele yako, naye anampa wa mbele yake, bega kwa bega mpaka kwa dereva, ukitaja watu wangapi: *wahid* au *itnen*. Chenji inarudi njia ile ile. Sijawahi kupotelewa. Ukikaa siti ya mbele umejiajiri, utapokea hela za gari zima na hesabu watakuuliza wewe.

Maelekezo nayo ni kama unasema Kiswahili chenye mafua: *abl el-gami'*, kabla ya msikiti. *Ba'd el-kobri*, baada ya daraja (hilo *kobri* ni la Kituruki, limeze hivyo hivyo). *Abl el-ishara*, kabla ya taa za barabarani, ishara kama ishara. Mbele ni *oddam*, ile ile ya kadamnasi. Foleni ni *zahma*, na aliyewahi kukaa Ramsis saa kumi jioni ataelewa kwa nini sisi tuliigeuza zahama.

Nawasilisha kwa leo. Mitego ipo, nitarudi nayo.

KondaMstaafu

Mkuu umenikuna. Miaka tisa mlangoni, Kariakoo hadi Gongo la Mboto. Swali: nilipitia Cairo safari moja, nikaona vijana wananing'inia kwenye Hiace wanaita "Haram! Haram! Haram!" Nikajiuliza, sasa hawa wanaita abiria au wanawafukuza?

MtotoWaChumbageni

Hahaha. Huo ni mtaa wa Haram, kule Giza kwenye piramidi. *Haram* ni piramidi, wingi wake *ahram*. H yake ni nyepesi, kama ya "hapa". Ile ya haramu inatoka kooni. Hata ishara ya mkono ipo: ukisimama barabarani ukaunganisha vidole ukatengeneza pembetatu, dereva wa Haram atakusimamia. Sisi wa Hay es-Sabi', mtaa wa Saba, tunanyoosha vidole viwili kama alama ya ushindi, kwa sababu saba yao inaandikwa ٧.

BintiUngujaUkuu

Hapohapo kwenye namba simama, maana pameniumiza. Basi kubwa za Cairo namba zake zimeandikwa kwa tarakimu zao. Mimi nilikuwa nasubiri basi namba fulani yenye tano ndani yake, zikapita mbili sijui. Tano yao ni ٥, mimi macho yangu yaliona sifuri. Sifuri yao ni nukta tu: ٠. Na sita yao ni ٦, ukiiangalia haraka utaapa ni saba. Nane ni ٨, ile saba imepinduliwa.

Kitu kimoja cha kushukuru: maneno yanakwenda kulia kwenda kushoto, lakini namba unaisoma kama kwetu, kuanzia kushoto. Kaandike tarakimu zote kumi nyuma ya daftari kabla hujajifunza salamu.

MtotoWaChumbageni

Dada umegusa donda. Basi nami nitoe langu, sijawahi kulisema hadharani.

Mwezi wangu wa pili huku, tulipanga na wenzangu kwenda Iskandariya. Nikatumwa kuulizia basi. Karani akaniambia, "es-saa sitta, bi-z-zabt." Bi-z-zabt ni kamili, bila kuchelewa. Nikarudi nimejaa kifua: wakuu, basi ni saa sita kamili, tulaleni. Asubuhi tukanywa chai, tukapiga pasi kanzu, tukafika stendi saa tano na nusu mchana, sisi wanne na mabegi.

Basi lilikuwa limeondoka alfajiri. *Es-saa sitta* ya Mwarabu ni saa kumi na mbili yetu! Anahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua. Neno ni lile lile, *saa*, na *sita* ni ile ile, ndiyo maana sikio halishtuki. Angeniambia kwa Kichina ningeuliza mara mbili.

Tangu siku hiyo nikitajiwa saa naiongezea: *es-subh?* asubuhi? *ba'd ed-duhr?* baada ya adhuhuri? Halafu naonyesha kwa vidole.

KondaMstaafu

Wanne na mabegi 😂😂 Kanzu zimepigwa pasi!

BiMkubwaWaRuwi

Pole mwanangu, usione haya. Bibi zetu walituambia kwamba zamani Waarabu wengi nao walikuwa wakihesabu saa kuanzia jua kutua, kwa hiyo siku hizo mngeelewana. Wao wameacha, sisi tumebaki nayo.

Mie niko Maskati mwaka wa ishirini na kitu. Huku mambo ni mengine, msije na *ala gamb* mkachekwa mara ya pili. Kusimamisha gari ni *waqqif hina*. Moja kwa moja ni *sida*, neno la Kihindi hilo lakini Maskati nzima na Dubai ndilo linalotumika. Kulia *yamin*, kushoto *yasar*. Wazee wetu kwenye tenzi walikuwa wakisema yamini na shimali, na Mmisri shimali anaitumia kwa kushoto mpaka leo. Kipilefti ni *duwwar*, ndiyo duara. *Ba'd ed-duwwar*, baada ya kipilefti, sentensi hiyo moja itakufikisha nusu ya Maskati, mji wote ulijengwa kwa vipilefti, ingawa siku hizi wanavivunja kuweka taa.

Wanawake wenzangu, jambo moja vijana hawa hawatakwambieni kwa sababu haliwahusu. Ukiwa mwanamke husemi *nazil*, unasema *nazla*: nashuka. Husemi *rayih*, unasema *rayha*: nakwenda. Na unapomwomba mtu, mwanamume unamwambia *law samaht*, mwanamke *law samahti*. Ukichanganya utaeleweka, lakini gari zima litageuka kukutazama.

Tena kuhusu kuomba. Tafadhali yetu iacheni nyumbani! *Tafaddal* kwa Mwarabu ni "karibu, chukua, pita". Ndugu yangu mmoja alipofika mara ya kwanza alikaa kwenye teksi anamwambia dereva "tafadhali, tafadhali", akiomba apunguziwe mwendo. Dereva naye anamjibu "tafaddal, tafaddal", kila mmoja anamkaribisha mwenziwe, na gari linazidi kukimbia.

LamuKaskazi

Bi Mkubwa shikamoo. Hiyo imenivunja mbavu, na ngoja nimalizie. Huyo ndugu yako angesema "haraka" ingekuwa vivyo hivyo, maana *haraka* kwa Mwarabu ni mwendo, kujongea tu, si upesi. Upesi ni *bi-sur'a*. Na ukitaka pole pole, *shwayya shwayya*.

Mimi niko Deira, Dubai. Ukweli usemwe: kwa metro na basi za hapa waweza kukaa miaka mitano bila kuhitaji Kiarabu. Madereva wengi ni watu wa Pakistan na India, Kihindi cha sinema kitakusaidia zaidi kuliko Azhar. Lakini masikio yako yatafundishwa na treni. Kila kituo inasema "al-mahatta al-qadima", kituo kinachofuata. Mwenzangu kutoka Malindi alikaa wiki nzima akidhani wasema "kituo cha kadimu", cha zamani, akawa anashangaa mji mpya huu vituo vyote vya kale! A ya kwanza ikivutwa, *qaadima*, ni kijacho. Ikivutwa I, *qadiima*, ndiyo kongwe.

Na hii mtaipenda. Kadi ya kulipia hapa inaitwa Nol. Nilidhani ni jina la kampuni tu. Kumbe *nol* ni neno la Kiarabu la malipo ya safari, hilo hilo ambalo sisi tunaliita nauli. Metro ilifunguliwa 2009 na kadi yao ikapewa neno ambalo manamba wa Mombasa alikuwa akilitumia tangu zamani. Kuongeza pesa kwenye kadi ni *shahn*: kupakia, kusheheni. Hata simu ikiisha chaji waisheheni.

UstadhNukta

Assalaam alaykum. Nimesoma kwa masikitiko. Lugha ya Qur'ani mnaifundisha kwa matamshi ya makuli wa stendi. "Ba'i", "ugra", "hina"! Kijana anayezoea kumeza qaf barabarani kesho ataimeza kwenye Fatiha. Fus'ha, Kiarabu sanifu cha kitabuni, inaeleweka na Waarabu wote kuanzia Morocco hadi Oman. Kwa nini msifundishane hiyo, wao wajitahidi kutuelewa?

MtotoWaChumbageni

Wa alaykum salaam Ustadh. Kwa heshima zote, nilijaribu. Walinielewa, tena walinielewa vizuri sana, ndiyo maana walicheka.

Sikatai fus'ha ina kazi yake hata kwenye usafiri. Mabango, matangazo ya treni, maandishi kwenye tiketi, yote ni fus'ha, na aliyesoma madrasa anawashinda wazungu wengi wanaokuja na vitabu vya misemo. Lakini mtu wa kwenye Hiace hakuombi usome, anakuomba uwahi. Kuanzia "Uridu an" mpaka "sa'iq" nilikuwa nimeshapita mita mia mbili. Na huyo Mmisri anayemeza qaf dukani, ukimsimamisha kwenye mihrabu anaitoa kutoka kwenye shina la ulimi mpaka unatetemeka. Wasomaji wakubwa wa Qur'ani wametoka nchi hii hii ya *ba'i*.

UstadhNukta

Hilo la wasomaji siwezi kubisha. Ila basi waambie vijana waziandike zote mbili, ya kitabuni na ya barabarani, ili wajue neno limetoka wapi. Mfano *waqqif* yenu ya kusimamisha gari asili yake ni *waqafa*, kusimama, na ndiyo *waqf*, wakfu: mali iliyosimamishwa, haiuzwi hairithiwi. Stendi kwao ni *mawqif*. Mtu akijua shina hasahau tawi.

KondaMstaafu

Ustadh hapo umetisha. Kwa hiyo mimi miaka tisa nilikuwa kwenye wakfu.

MamaNuru_Moro

Jamani nisaidieni na mimi. Mwezi ujao naenda umra, In shaa Allah, na Kiarabu changu ni cha kwenye sala tu. Kikundi kipo lakini nataka niweze kutoka mwenyewe hata mara moja.

BiMkubwaWaRuwi

Mama Nuru, Mungu akutakabalie. Makka utasikia madereva wanaita "Haram, Haram!" na hapo ndipo ile H ya kooni, Msikiti Mtukufu. Usichanganye na piramidi za mtoto wa Chumbageni. Neno jingine utakalolisikia ni *nafar*, kichwa kimoja cha abiria. Dereva akiita "nafar wahid!" amebakisha nafasi ya mtu mmoja aondoke. Uliza bei kabla hujakaa, *bikam?*, ataje yeye, wewe mtajie nusu yake kwa uso mkavu. Mkikubaliana mwambie *khalas*, basi imekwisha, ili asije akakugeuka mkifika.

Kwenda Madina kuna treni ya Haramain, ilianza 2018, inapita Jidda. Kituo cha treni ni *mahattat al-qitar*. Hiyo haina mabishano ya bei.

Na weka kwenye simu picha ya jina la hoteli yako kwa Kiarabu. Maneno yote yakikukimbia, onyesha picha.

MamaNuru_Moro

Ahsante sana Bi Mkubwa, nimeandika yote. Uso mkavu ndio utanisumbua.

LamuKaskazi

Jambo moja la heshima kabla sijasahau. Hapa Ghuba utasikia watu wakimwita mfanyakazi "rafiq". Usifurahi sana ukidhani wamekufanya rafiki. Mara nyingi ndivyo wanavyomwita kibarua wa kigeni wasiyemjua jina, na wengine hawapendi kuitwa hivyo. Mimi dereva namwita *akhi*, ndugu yangu, sijapata kujibiwa vibaya.

BintiUngujaUkuu

Na akina kaka mnaokuja Cairo: metro ina mabehewa mawili katikati ya wanawake peke yao. Ukisikia "Da lis-sittat!" ujue unaambiwa wewe. *Sittat* ni wingi wa *sitt*, ndiyo akina Siti wenyewe hao. Nimeona kijana wa kwetu amesimama katikati yetu vituo vitatu anatabasamu, anadhani anakaribishwa.

MtotoWaChumbageni

Nani kakwambia ni kijana wa kwetu? Alikuwa na kofia ya kiua?

BintiUngujaUkuu

Alikuwa na jezi ya Coastal Union, timu ya kwenu Tanga.

KondaMstaafu

🤣 Uzi umemrudia mwenyewe!

BiMkubwaWaRuwi

Nicheke kwanza.

Nikumbuke kimoja, watoto. Maskati teksi zinaendeshwa na Waomani wenyewe kwa sheria, na mnajua wangapi wametoka kwetu au wazee wao wametoka kwetu. Nilipofika, miaka hiyo, nilisoma sentensi yangu njia nzima kutoka nyumbani mpaka barabarani. Ikaja teksi, ile ya rangi ya chungwa na nyeupe. Nikainama dirishani nikaanza, "Law samaht, uridu..." Mzee akanitazama, akashusha kioo chote. "Ingia mwanangu, jua kali hili. Unakwenda wapi? Nyinyi wa Ng'ambo au wa Mji Mkongwe?"

Kiarabu changu nikakikunja nikakitia mkobani.

KondaMstaafu

Hiyo nimeipenda kuliko zote. Sasa mtoa mada, mimi la kwangu moja tu ndilo linanikera. Miaka tisa nilikuwa nasema sentensi moja kuliko jina la mke wangu: "Sogeeni nyuma, kuna nafasi." Huko wanasemaje?

MtotoWaChumbageni

*Khushsh gowwa*, ingia ndani. Au *irga' wara*, rudi nyuma. Na nafasi haipo, kama kwenu tu.

Nijibu hayo mengine jioni wakuu. Niko kwenye metro, mlango wa tatu, na jamaa aliye mbele yangu kasimama kama nguzo. Nimemuuliza *nazil el-gayya?*, unashuka kinachofuata? Kasema hapana, kisha kabaki pale pale. Kituo changu, Shohada, hiki hapa, ngoja nipenye.